Sahani ya Mfiwa

Mtu aliyefiwa na mumewe, au mkewe, au mama yake, ameketi peke yake kwenye meza ndogo mjini Florence, nchini Italia. Miezi imepita tangu mazishi. Mbele yake pana bakuli la ribollita: maharage, mboga ya majani meusi inayofanana na sukuma, na mkate uliokauka, vimechemshwa, vikalazwa hadi kesho yake, vikachemshwa tena. Jina lenyewe lina maana ya kitu kilichochemshwa mara ya pili. Sisi tungekiita kiporo na tusingekosea. Anaonja. Ni kitamu. Kabla hajapeleka kijiko cha pili mdomoni, kitu kinamkaba kooni: nimewezaje kuona utamu, na mwenzangu yuko udongoni? Kijiko kinarudi mezani.

Aibu hiyo nataka kuipa uzito wake, kwa sababu huwapata wenye mapenzi. Asiyempenda marehemu haimsumbui. Wengi wetu, wa misikitini na wa makanisani, tungesema ni sauti ya dhamiri na kwamba mfiwa anafanya vyema kuisikiliza. Mimi naona si dhamiri. Ni hesabu iliyokosewa, inayochukulia huzuni kama deni tunalowalipa wafu, hata kila furaha ikaonekana fungu lililoibwa kutoka katika deni hilo. Hesabu hii haimo katika vitabu vya dini ambavyo wengi wetu tunavifuata, na akili nayo haiitetei. Aliyefiwa anapokula akaona utamu, anapotazama picha ikamteka, anapotembea peke yake ugenini akajikuta anapumua, hajamwacha marehemu. Mara nyingi ndipo anapokuwa karibu naye kuliko alivyokuwa akikaa gizani.

Lugha yenyewe inatusaidia kuanza. Kiswahili hakikutosheka kusema kwamba fulani amekufa. Kikatengeneza kufiwa, kitenzi kinachomfanya aliye hai ndiye mtendwa wa kifo. Marehemu amekufa mara moja. Mfiwa anafiwa asubuhi anapotandika kitanda, anafiwa jioni anapohesabu sahani, anafiwa simu inapolia kwa mlio uleule. Ni mzigo wa kila siku, na mbeba mzigo hutua. Hapo linakuja neno la pili, starehe, ambalo limetujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kupumzika. Leo limechafuka. Mtaani ukisikia kwamba mjane fulani anastarehe, picha inayokuja ni ya baa, muziki na fedha za rambirambi zikiyeyuka. Tukilirudisha kwenye asili yake, swali linabadilika sura. Hatuulizi tena kama mfiwa ana ruhusa ya kufanya anasa. Tunauliza kama ana ruhusa ya kutua.

Katika Uislamu jibu linaanzia jikoni. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Bibi Aisha, akifa mtu katika jamaa zake, wanawake wakakusanyika kisha wakatawanyika, wakabaki wa nyumbani na wandani wao tu, aliagiza chungu cha talbina kitiwe motoni. Talbina ni uji laini wa shayiri. Ulimiminwa juu ya mkate uliolowekwa mchuzi, naye akawaambia wanawake waule, kwa kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akisema kwamba uji huo huupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Tuuangalie wakati wenyewe: ni pale wageni walipoondoka, saa ambayo kila aliyefiwa anaijua, nyumba inapokuwa kubwa ghafla. Tuangalie na kipimo: ni sehemu tu ya huzuni. Hakuna aliyedai kwamba uji utakifuta kifo. Alipouawa Jafar bin Abi Talib katika vita vya Muta mwaka 629, agizo la Mtume lilikuwa watu wa nyumba yake wapikiwe, kwani yalikuwa yamewafika ya kuwashughulisha. Wayahudi nao wana desturi kwamba mlo wa kwanza baada ya maziko usitoke katika jiko la mfiwa. Majirani huuleta, mara nyingi mayai na dengu. Na sisi matangani tunamfahamu jirani anayefika na sufuria kabla hajapata la kusema.

Lakini uji ni kama dawa, mtu atasema. Starehe ni kitu kingine. Basi tumtazame Umm Habiba, mke wa Mtume, alipofiwa na baba yake, Abu Sufyan. Siku ya tatu aliagiza marashi, akajipaka mashavuni, akasema hana haja yoyote ya marashi ila alimsikia Mtume akiweka mpaka: maombolezo ya maiti yeyote ni siku tatu, isipokuwa ya mke kwa mumewe, miezi minne na siku kumi. Kisa hiki kinanigusa kuliko vyote. Hakungoja hamu irudi ndipo ajipake. Hamu haikuwepo, na alisema hivyo waziwazi. Alitanguliza mwili, moyo akauacha uje kwa mwendo wake. Harufu nzuri, kitu kisicho na kazi nyingine ila kupendeza, ilikuwa kwake tendo la utiifu. Na mpaka uliowekwa ni wa maombolezo. Mapenzi hayakuwekewa mpaka. Hata eda, ambayo jamii yetu inaijua kwa ukali wake, ilitajiwa mwisho pamoja na mwanzo. Aya yake katika Sura ya Al-Baqara haiishii kwenye kuhesabu siku; inaendelea kuwaambia watu kwamba muda ukitimia hawana lawama kwa lile ambalo mwanamke atajifanyia kwa wema. Wanaoambiwa ni jamaa na waliomzunguka. Ni kana kwamba ilijulikana tangu mwanzo kwamba watakaoshindwa kutoka edani ni wao.

Kwenye Biblia yuko Daudi. Mtoto wake aliyezaliwa na Bathsheba aliugua siku saba, na siku zote hizo mfalme alilala chini, hakula. Mtoto alipokufa watumishi waliogopa kumwambia, wakanong'onezana. Alipojua, aliinuka, akaoga, akajipaka mafuta, akabadili nguo, akaenda kuabudu, kisha akarudi nyumbani akaomba chakula, akala. Watumishi walishangaa kama tunavyoshangaa leo, kwamba mtu afunge mtoto akiwa hai, na ale akishakufa. Jibu lake ni la mtu aliyetafakari: kufunga kulikuwa ombi, na ombi limekwisha kujibiwa, yeye ndiye atakayemfuata mtoto, mtoto hatarudi kwake. Kuna wanaoona ubaridi katika jibu hilo. Wasome mbele kidogo. Daudi huyohuyo, mwanawe Absalomu alipouawa, alilia katika chumba cha juu ya lango hadi askari wake, walioshinda vita, wakaingia mjini kwa kunyata kama watu walioshindwa, na jemadari wake Yoabu akalazimika kumkemea. Aliyekula baada ya kifo cha mtoto mmoja ndiye aliyevunjika kabisa kwa kifo cha mwingine. Moyo mgumu hauwezi hayo yote mawili. Kula kwake kulikuwa kukubali kwamba kifo kimekuwa kweli, na kwamba yeye mwenyewe bado yuko upande huu wa kaburi.

Hata hivyo, talbina ililiwa nyumbani, na Daudi alikula mezani pake. Kutoka hapo hadi kukata tiketi ya ndege ni mbali. Seneca, Mrumi wa karne ya kwanza, alimwandikia rafiki yake Lucilius kwamba si ajabu safari hazimwondolei huzuni, maana popote aendapo amejibeba mwenyewe. Hoja ni nzito, na anayeamini kwamba Florence itamponya ameshajibiwa nayo. Ila kuna shahidi aliyeyaonja yote mawili, naye ni Mwafrika. Augustino alizaliwa Thagaste, katika Algeria ya leo, mwaka 354. Akiwa kijana alifiwa na rafiki yake wa karibu mno, na katika kitabu chake cha Maungamo anaeleza jinsi mji wa kwao ulivyogeuka mateso: kila mahali macho yalimtafuta rafiki, na kila mahali palimnyima. Akaondoka kwenda Carthage. Sababu anayoitoa ni ya kawaida kabisa: huko macho hayakuwa na mazoea ya kumwona, kwa hiyo hayakumtafuta sana. Papo hapo anakiri, sawa na Seneca, kwamba hakuweza kujikimbia mwenyewe. Maneno hayo mawili hayapingani. Upo msiba ulio moyoni, nao husafiri na mwenyewe. Na upo msiba ulio kwenye vitu, kwenye kiti chake, kikombe chake, upande wake wa kitanda, duka alilozoea kununua mkate, na huo haupandi ndege. Anayesafiri anautua huo wa pili ili apate nguvu za kuubeba ule wa kwanza.

Augustino huyo, mwaka 387, alifiwa na mama yake Monika pale Ostia, bandari ya Roma. Safari hii alijizuia kulia, akaionea aibu hata huzuni yenyewe. Akaenda kuoga hamamuni, akitumaini maji yatamwondolea majonzi, hayakumwondolea. Kisha akalala usingizi. Alipoamka alikuta uzito umelegea kidogo, na hapo ndipo machozi aliyokuwa ameyabana yakatoka. Mfuatano huo tuushike. Tumezoea kudhani kwamba raha huziba machozi, na kwamba aliyeacha kulia ili ale amefunga mlango. Kwa Augustino pumziko ndilo lililoufungua.

Kusafiri peke yake, bila ndugu wala rafiki, kunaudhi watu zaidi. Desturi yetu ni kwamba mfiwa haachwi. Watu hulala mikekani nyumbani kwake, na msiba wa mmoja ni wa mtaa mzima. Desturi hiyo naiheshimu na sitaki ipungue. Lakini ina gharama tusiyoisema: mfiwa kati ya watu ana kazi. Anapokea pole, anasimulia ugonjwa tangu mwanzo kwa kila anayefika, anawatuliza wanaolia kuliko yeye, anauchunga uso wake usionekane mkavu mno wala mchangamfu mno. Arobaini ikipita kazi hiyo haikomi. Mtaani yeye ni mjane wa fulani, na akicheka sokoni cheko lake linapimwa. Katika mji asikojulikana na mtu, uso wake unakuwa wake. Sisemi kwamba upweke ni salama kwa kila mmoja. Aliye katika wiki za mwanzo, au aliyefika mahali pa kutotaka kuishi, anahitaji watu na daktari kuliko tiketi. Kwa mwanamke wa Kiislamu lipo pia suala la maharimu wa safari, ambalo wanazuoni wana kauli zaidi ya moja juu yake. Anayefuata kauli kali na asafiri na kaka yake au mwanawe wa kiume, na hoja hii haitapungua kitu. Ninachokikataa ni dhana kwamba kuwa peke yako ni kumkimbia marehemu.

Nyumba ya watawa ya San Marco, palepale Florence, inaipinga dhana hiyo kwa kuta zake. Mtawa mchoraji Fra Angelico na wasaidizi wake walichora picha katika vyumba vya kulala vya watawa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1430. Chumba kimoja, dirisha moja, mtu mmoja, picha moja ukutani. Zilichorwa kwa ajili ya macho ya mtu aliye peke yake. Katika chumba cha kwanza yumo Maria Magdalena, asubuhi, kwenye bustani ya kaburi. Amepiga magoti, mikono ameinyoosha kumwelekea Yesu. Naye Yesu ana jembe begani, kwa kuwa Maria alidhani ni mtunza bustani, na hatua zake tayari zinamwondoa. Mikono haigusani. Kati yao pana hewa tu, na chini yao majani mabichi yenye maua madogo mekundu, ambayo wachambuzi wameona kwamba yamechorwa kwa mguso uleule wa rangi kama majeraha ya Yesu. Aliyefiwa anayesimama mbele ya picha hii hafundishwi kusahau. Anaonyeshwa bustani iliyochanua pale hasa mkono ulipomkosa mpendwa. Kuitazama ni raha, na raha hiyo haitenganishwi na kile kinachouma. Angekuwa na mwenzake pembeni wangesemezana wakapita. Akiwa peke yake hana wa kumharakisha.

Mji huu umewahi kulipitia swali letu kwa ukatili mkubwa. Mwaka 1348 tauni iliingia Florence, na kwa makadirio ya wanahistoria wengi iliua nusu ya wakazi au zaidi. Giovanni Boccaccio, aliyeishi wakati huo, aliuweka mwaka huo mwanzoni mwa Decameron, na anachokieleza kwa uchungu ni kuharibika kwa mazishi: watu wakifa bila wa kuwalilia, maiti wakipangwa mashimoni kwa tabaka. Anaieleza pia starehe mbaya, ya watu waliotoka kilabu hiki cha pombe kwenda kile, usiku na mchana, wakinywa bila kipimo na kuingia kwenye nyumba za watu walivyotaka. Kisha anawaleta vijana kumi, wanawake saba na wanaume watatu, wanaokutana katika kanisa la Santa Maria Novella, wanawake wakiwa na nguo za msiba. Wanatoka mjini, wanakaa shambani, na huko wanakula kwa saa zake, wanaimba, wanacheza, wanasimuliana hadithi mia moja kwa siku kumi. Kila siku mmoja wao ni mfalme au malkia wa kupanga ratiba. Ijumaa na Jumamosi hadithi hazisimuliwi; Ijumaa kwa heshima ya mateso ya Yesu, Jumamosi kwa ajili ya usafi na maandalizi ya Jumapili. Mwishowe wanarudi mjini na wanaume wanaagana na wanawake palepale Santa Maria Novella. Divai ilikuwepo kwa makundi yote mawili, kwa hiyo tofauti yao haimo kwenye divai. Walevi walistarehe ili wasiwahesabu wafu. Hawa kumi walitoka na msiba wao, wakaupumzisha kwa mpango, wakarudi nao. Hapo ndipo ninapouweka mpaka wangu. Starehe inayodai kumbukumbu izimwe ni ulevi, hata ikiwa ni ya makumbusho na vitabu. Starehe ambayo jina la marehemu linaweza kutajwa katikati yake bila kuivunja, hiyo ni pumziko.

Anayeshuka kwenye treni katika stesheni kuu ya Florence anakutana na kanisa hilohilo, maana stesheni imechukua jina lake na imejengwa karibu nalo. Ndani, ukutani, Masaccio alichora Utatu Mtakatifu mnamo mwaka 1427, muda mfupi kabla ya kufa akiwa hajafika miaka 30. Juu, Baba ameushika msalaba wa Mwana. Bikira Maria hamwangalii mwanawe; anatuangalia sisi, na mkono wake unamwonyesha yeye. Chini kabisa, juu ya jeneza la mawe, imelazwa mifupa ya mtu mzima, na maandishi yanamkumbusha mpita njia kwamba naye ataishia hivyo. Mnamo 1570 picha hiyo ilifunikwa kwa altare mpya, kazi ya msanii Vasari, ikaja kufunuliwa mwaka 1860, na ile mifupa ikarudishiwa picha yake katika karne ya 20. Sehemu kubwa ya uzuri ambao wageni wanaufuata Florence ililipiwa na familia zilizotaka wafu wao waombewe, wakajenga vikanisa na altare, wakawaita wachoraji. Mfiwa akiingia humo hajavamia burudani ya watu wenye furaha. Mahali pale palitengenezwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Hatua chache kutoka kanisani, watawa Wadominiko walikuwa na duka la dawa lililofunguliwa kwa umma mwaka 1612, na hadi leo linauza manukato, maji ya waridi yakiwemo. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa kuhusu maji hayo. Mrashi uleule unanyunyiza harusini, kwenye maulidi, na mazikoni, na hakuna anayeuliza ni wa furaha au wa majonzi. Umm Habiba angeelewa.

Ng'ambo ya mto Arno, katika kanisa la Carmine, Masaccio alichora Adamu na Hawa wakifukuzwa bustanini. Adamu ameufunika uso kwa viganja. Hawa ameuinua wake, macho yamebanwa yakawa mistari miwili, mdomo umeachama kama shimo; karibu umsikie. Watu wa karne ya 17 waliona haya, wakawachorea majani ya kuwasitiri. Usafishaji wa miaka ya 1980 ukayaondoa. Aristotle alijiuliza kwa nini tunafurahia kutazama picha ya kitu ambacho kingetuumiza tukikiona chenyewe, na jibu lake lilikuwa kwamba kuna raha katika kutambua. Mfiwa mbele ya Hawa anatambua. Kilio anachokibana kwenye daladala na ofisini kiko ukutani, kilichorwa miaka 600 iliyopita na mtu aliyekijua, na hakina majani.

Tumbo nalo lina kutambua kwake. Kwenye vibanda vya mitaani Florence huuzwa lampredotto, ambayo ni tumbo la nne la ng'ombe lililochemshwa kwa nyanya na vitunguu. Muuzaji analinasa kwa uma kutoka kwenye sufuria inayofuka, analikatakata juu ya ubao, anapasua mkate wa mviringo, anachovya kipande cha juu kwenye mchuzi, anapaka kachumbari laini ya kijani na, ukitaka, pilipili. Watu wanakula wamesimama, mchuzi ukichuruzika kwenye karatasi. Aliyetoka Tanga au Kisumu anautambua utumbo mara moja, na mara moja anamkumbuka mtu wake: angekipenda hiki, au, huyu asingeugusa kabisa, utumbo alikuwa hali. Utamu una tabia ya kutafuta wa kuambiwa. Chakula kisicho na ladha kinamezwa, basi. Kitamu kinageuza kichwa cha mlaji upande ambao mwenzake angekuwa ameketi. Kwa hiyo yule aliyeweka kijiko chini alisikia sawa, ila alitafsiri vibaya. Kilichomkaba kilikuwa mapenzi yakitafuta pa kwenda, akakiita hatia.

Wanaohofia usahaulifu wanadhani kwamba kumbukumbu hulindwa na huzuni. Mwandishi C. S. Lewis, aliyefiwa na mkewe mwaka 1960, alishangazwa na kinyume chake: katika kitabu alichokiandika kuhusu msiba huo anasema kwamba siku huzuni ilipopungua kuliko siku zote ndipo alipomkumbuka mkewe vizuri zaidi. Wanasaikolojia Dacher Keltner na George Bonanno, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1997, waliwachunguza watu waliofiwa na wenzi wao wakiwazungumzia marehemu miezi michache baada ya kifo. Wapo waliocheka cheko la kweli, lile linalokunja hata kona za macho, na hao ndio waliokuwa na dhiki ndogo zaidi. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba kicheko ndicho kilichowaponya. Huenda waliokuwa na nafuu ndio walioweza kucheka. Lakini unatosha kuivunja dhana kwamba anayecheka amesahau, kwani walicheka marehemu akiwa mdomoni mwao.

Kuna pingamizi la fedha, na hili linanisumbua kuliko mengine. Ulaya ni ghali, viza ni taabu, na wafiwa wengi tunaowajua hawana nauli ya kwenda hata kaburini. Hapo ndipo neno deni linapopata mahali pake pa haki. Wafu wanatudai kweli: madeni waliyoyaacha yalipwe, wasia utekelezwe, mirathi igawiwe bila dhuluma, yatima watunzwe, dua na misa zisomwe. Aliyekula fedha za yatima akaenda kutazama picha Italia amefanya ovu, na uzuri wa picha haumtakasi. Lakini katika orodha hiyo ya madeni, yaliyo katika dini na yaliyo katika sheria, sioni mahali palipoandikwa kwamba mfiwa adaiwe huzuni. Akishayalipa yanayodaiwa, kilichobaki ni chake, na haki yake ya kuona utamu ni ileile kwa lampredotto ya Florence na kwa mishkaki ya Forodhani. Wala tusisahau kwamba kwa baadhi yetu mji wa Ulaya si anasa ya safari. Wako Waswahili wanaofanya kazi huko, waliofiwa na mama na kushuhudia mazishi kwenye kioo cha simu, kisha kesho yake wakaingia zamu. Kwao hakuna matanga, hakuna mikeka, hakuna jirani mwenye sufuria. Mtu kama huyo akiingia jumba la makumbusho Jumapili, au akijinunulia chakula kizuri na kukila kwa heshima, anajifanyia kile ambacho kwao angefanyiwa na mtaa mzima.

Na mtaa una sehemu yake siku msafiri anaporudi. Kwa kawaida tunampokea kwa moja ya njia mbili: tunamtazama usoni kuona kama amepona, au tunanyamaza kuhusu safari yenyewe kwa kuwa inatutia haya. Jirani aliyeleta sufuria siku ya kwanza ana haki ya kuuliza swali jingine, akiwa ameketi jikoni, chai ikichemka: huko ulikula nini? Na mfiwa akianza kueleza habari za mkate uliochovywa mchuzini, akafika mahali akasema marehemu asingeugusa utumbo ule, jirani asibadilishe mazungumzo. Aulize kwa nini alikuwa hali utumbo.